Dumu Lililokuwa Likipumua

Ipogolo, jioni ya kuamkia safari yako

Atuganile mwanangu,

Mama yako yuko chumbani kwako anafungasha begi kwa mara ya tatu, na kila akivuta zipu anakumbuka kitu. Habari za chandarua, za joto la Rujewa, za kutokula hovyo njiani, amekwisha kukuambia zote, na kesho stendi atazirudia. Hizo nampisha. Mimi nimekaa barazani na kalamu yako ya chuo na nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ukiwa na miezi minne, na sasa nikitaka kulitua sijui nianzie upande gani.

Labda nianze na vifuniko, maana ndivyo mnavyonichekea. Katika nyumba hii hakuna chupa iliyowahi kufungwa ikakaza. Chumvi inaloa, soda inaisha gesi, na ile asali uliyomletea mama yako mwaka wa kwanza wa chuo ililiwa na sisimizi nusu nzima kwa sababu nilipita nyuma yenu nikaulegeza mfuniko. Ukasema, "Baba ana ugonjwa wa vifuniko," nikacheka na mimi. Si ugonjwa, Atu. Ni woga, na umetoka kwa mtu unayekwenda kumfanyia kazi.

Wiki iliyopita uliporudi kutoka Rujewa ukasema umepata kazi kwa mzee mmoja anayetengeneza unga wa kung'arisha nguo na kuua vijidudu, mzee mpole mwenye jicho moja, aliyekupokea baada ya kukuuliza jina la baba yako na kazi aliyowahi kufanya, basi, mimi niliinuka nikaenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi tangu mwaka juzi. Wewe hukuliona hilo kwa furaha yako, lakini mama yako aliniona.

Unajua nilikuwa dobi wa hospitali ndogo kule vilimani, ng'ambo ya Igowole. Nimekusimulia baridi yake, sijakusimulia ukungu. Ulikuwa unakuja saa sita mchana, mashuka yakiwa kambani, na ukishaingia uani huioni kamba tena, unaona mashuka tu yamesimama hewani, safu kwa safu, kila moja na kimo cha mtu. Nilikuwa napita katikati yake nikiimba kwa sauti. Wauguzi walidhani nina furaha.

Mengine yalikuwa mashuka ya wagonjwa, mengine ya waliokwisha kuondoka. Penye damu tulimwagia haidrojeni peroksaidi. Jina hilo unalijua kuliko mimi. Sisi pale tuliyaita maji makali. Yakigusa damu yanatoa povu papo hapo, jeupe, linapanda, na lina mlio mdogo wa mtu anayenong'ona akiwa ameelekea ukutani. Hata damu ya siku tatu. Hata damu ya mtu tuliyemzika jana. Yakikudondokea mkononi, ngozi inachoma na kugeuka nyeupe kama ya maiti, kisha baada ya saa moja au mbili inarudi. Nimekula ugali mara nyingi nikiwa na vidole viwili vya mtu mwingine.

Wewe utaniambia lile povu ni oksijeni tu inatoka. Kalinga naye aliniambia hivyo hivyo siku ya kwanza. Nilimwitikia vizuri, kisha nikaendelea kuimba.

Kalinga alikuwa mtu wa maabara. Tulikuwa rika moja, ila yeye alikuwa na subira ya kuazimisha watu. Alisalimia mpaka paka. "Kamwene, bwana dobi," ataniambia, halafu anasimama pale anasubiri umjibu kweli, siyo kwa kupita. Shida yake ilikuwa moja. Yale maji yalitoka Dar es Salaam na nguvu zake zote, yakifika kwetu baada ya njia ile na jua lile, nusu yake ni maji ya kunywesha kuku.

"Yanakufa njiani," aliniambia. "Nataka niyalaze. Yakilala ndani ya unga yatakaa, halafu utayaamsha mwenyewe kwa maji siku unayoyataka."

Nilimwambia maji hayalali, watu ndio wanalala. Alicheka, akaenda kuyalaza. Alichanganya maji makali na soda ya kufulia kwenye ndoo ya plastiki, ndoo yenyewe imekaa ndani ya maji ya baridi, na baridi ya Igowole tulikuwa tunapewa bure. Chini zikatuama chembe nyeupe. Akazichuja, akazikausha chumbani kwake, na kila Jumatatu akazipima kwa namna yake. Alichovya kitambaa kwenye chai ya rangi, nzito, ya majani ya mashamba ya pale pale, akakikausha, kisha akakitia kwenye maji yenye unga. Kikitoka cheupe, unga uko hai. Kikitoka na rangi ya chai, umekufa. Vitambaa vyote alivitundika kwenye kamba yangu kwa kufuata wiki, na mimi nikipita nilikuwa naona uhai unavyotoka: cheupe, cheupe, cha manjano, kahawia.

Ilimchukua miezi kujua kwamba adui yake ni kutu. Tangi letu lilikuwa na kutu, kijiko chake cha kukorogea kilikuwa cha chuma, na chembe moja tu ya kutu inatosha kuyaamsha yale maji kabla ya wakati wake. Akaanza kukinga mvua kwenye plastiki. Akatia chumvi ya haluli, ile ya kusafishia tumbo, kidogo, ya kwenye ncha ya kisu, ili kuyatuliza. Vitambaa vikaanza kutoka vyeupe wiki ya nne, ya tano, ya sita. Alinikumbatia mbele ya Matroni nikaona aibu.

Unga wa kwanza uliokubali kukaa alifulia gauni lako la ubatizo. Mama yako alilipata mnadani kwenye mitumba, zuri, ila lilikuwa na doa kifuani la rangi ya chai ambalo mimi dobi mzima nililishindwa. Kalinga alilirudisha jeupe mpaka nikaogopa kulishika. Liko ndani ya begi lako. Nimemwona mama yako akiliweka chini kabisa, sijamuuliza kwa nini.

Sasa nifuate hapa polepole, maana hapa ndipo ninapokwepa kila mwaka.

Ilikuwa masika, mianzi inatoa, na sisi Wakatoliki wa Iringa hatumbatizi mtoto kwa soda. Nilitaka ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wa kutosha na chombo cha heshima cha kuuwekea. Madumu yangu mwenyewe yalikuwa mazee, yamelowa chachu mpaka ndani ya plastiki, ukiyanusa tu unalewa. Na pale stoo ya hospitali kulikuwa na dumu la maji makali, jeupe, nene, zuri kuliko chombo chochote nilichowahi kumiliki. Mfuniko wake ulikuwa na kitundu kidogo katikati. Niliona ni ubovu. Nilisema moyoni, tena dumu langu la ulanzi ni afadhali, lina mfuniko unaokaza.

Nikabadilisha. Dumu langu nililisuuza mara mbili kwa maji baridi, nikahamishia humo maji makali, nikafunga. La hospitali nikalisuuza mara kumi, nikalibeba nyumbani usawa wa giza kuingia. Siku mbili tu, nilijiambia, nitarudisha.

Siku ya sherehe mjomba wako alikuja kutoka Mbeya na kofia mpya, akanywa kikombe cha kwanza, akanitazama. Ulanzi wa siku ya tatu unatakiwa uume ulimi. Ule ulikuwa mtamu na mtulivu kama maji ya sukari, bila povu hata moja juu.

"Shemeji," akasema, "ulanzi wenu huu hauna pumzi."

Watu wakacheka. Nikacheka. Jumatatu nikarudi kazini, nikasikia ile pumzi ilikokwenda.

Ukungu ulikuwa umejaa uani na mlango wa stoo umefungwa. Ndani kulikuwa na mtu anapumua. Havuti, anatoa tu. Sss. Kisha kimya, ungeweza kuhesabu mpaka ishirini. Sss. Nilisimama na kapu la mashuka kichwani mpaka shingo ikauma. Nilipofungua niliona dumu langu, na alama yake ya moto mgongoni ninayoijua, limevimba tumbo kama mama aliyekaribia kujifungua. Nikaingia hatua moja. Likanyamaza.

Atu, mimi ni mtoto wa mgema. Dumu likivimba unalegeza mfuniko, hewa inatoka, unaendelea na shughuli. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu sijaota meno ya pili, na siku ile mikono yangu ilijua la kufanya. Lakini ndani ya dumu lile hakukuwa na ulanzi. Kulikuwa na yale maji yanayonong'ona juu ya damu za watu, na kila nilipopeleka mkono lilitulia, na nikiurudisha linaanza tena. Niliona linanijua. Basi badala ya kulegeza nikakaza. Nikalifunga mfuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minne, nikafunga mlango, nikaenda kuimba.

Mlio ukaisha. Siku tatu kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio. Nilikuwa nafua huku nimekipa mgongo kile chumba, na mgongo wenyewe unasikia.

Ningeweza kumwambia Kalinga. Chumba chake kilikuwa hatua thelathini. Ila ningemwambia na habari ya dumu la hospitali lililoko nyumbani kwangu na ulanzi ndani yake, na Matroni alikuwa ameshafukuza mtu kwa sabuni moja. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Nimejiambia hivyo muda mrefu mno, ukiwa unakua mbele yangu na hujui umebebeshwa nini.

Alhamisi saa saba mchana Kalinga akaja. "Kamwene, bwana dobi. Nipe maji makali, nataka nilaze unga mwingine."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni. Nikaizamisha zaidi. "Ingia tu uchukue, bwana," nikasema. "Mimi nimeloa."

Sikujua litapasuka, hilo naapa. Lakini nilijua kuna kitu mle ndani ambacho sitaki kukitazama, nikamtuma mwenzangu akakitazame. Nimeligeuza kila upande na halibadiliki.

Lilipasuka kama tairi la lori. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha vizuri kama mtoto aliyeambiwa akae, na uso wote ni povu jeupe linanong'ona. Nilimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Bwana dobi, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Kesho yake nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mzee.

Kabla ya jioni ya Alhamisi ile nilikuwa nimeokota vipande vya dumu langu vyote na kuvichoma chini ya jiko la kuchemshia mashuka, na lile jeupe nimelirudisha stoo, tupu, ubavu nimeupasua. Walipokuja kuuliza jioni hiyo, waliulizia pale pale wodini, Kalinga yuko kitandani hatua tatu kutoka niliposimama, macho yote mawili yamefungwa bendeji.

"Maji yalikuwa kwenye chombo gani?" akauliza Matroni.

"Chombo chake cha siku zote," nikasema. "Kile yalichokuja nacho."

Kalinga akageuza uso wake taratibu kuelekea sauti yangu. Ule uso mweupe wa bendeji ulinitazama bila macho. Wakaamua ni yeye aliyeyachafua kwa majaribio yake. Jicho moja lilirudi, la pili halikurudi. Alipopata nafuu walikuwa wameshamwandikia barua ya kumwachisha kazi, akaondoka na lori la mbao kuelekea njia ya Mbeya. Mimi nilibaki kufua pale miaka mingine sita. Vitambaa vyake vilibaki kambani mpaka vikaoza, kwa sababu sikuweza kuvigusa.

Dumu ulikuwa ujinga, sikujua kwamba chachu nayo inayaamsha yale maji na kwamba kitundu ni cha kutolea pumzi yake, na ujinga unasameheka, kila mtu ana wake. Ningesema Jumatatu ile, ningefukuzwa kazi, tungelala njaa kidogo kwa shangazi yako, na Kalinga angekuwa na macho yake mawili. Ningesema Alhamisi pale wodini, asingekuwa na macho mawili lakini angekuwa na kazi na jina. Kila siku niliyonyamaza kulikuwa na kitu kidogo bado kinaweza kuokolewa, na nilikiacha kipite. Utakosea huko uendako, wewe ni mtoto wangu. Sikuombi usikosee.

Muda huu wote nilijifariji kwa kitu kimoja, kwamba hakujua. Mpaka wiki iliyopita ulipofungua begi lako ukatoa kopo la plastiki.

"Mzee kasema nikuletee uuone," ukasema. "Unga wake sasa unakaa mwaka mzima, hata kwa joto la Rujewa. Na kasema, mwambie baba yako asizibe kitundu." Ukacheka. "Ni kama anakujua, baba, na vifuniko vyako."

Katikati ya mfuniko kulikuwa na kitundu, cha sindano.

Juzi mchana mlipokwenda sokoni nililishusha kopo kutoka rafuni. Nilichovya ncha ya leso kwenye chai nzito, nikaikausha, nikaitia kwenye maji na kijiko cha ule unga. Ilitoka nyeupe. Nikalia, sikufichi. Alifanikiwa, mwanangu. Kwa jicho moja na bila maabara ya mtu, aliyalaza. Nikaliweka kopo sikioni na halikuwa na mlio wowote, kimya kabisa. Halafu sijui nini kilinituma, nikaweka kidole juu ya kitundu. Kitu kikasukuma. Kidogo sana, pumzi ya mtoto mchanga. Nikatoa kidole mbio. Inawezekana ni damu yangu mwenyewe ilikuwa inapiga pale kwenye ncha. Tangu juzi nimerudi kwenye lile kopo mara nne na sijathubutu kuweka kidole tena.

Kwa hiyo anajua, na alijua tangu pale kitandani, maana aliliona dumu langu kabla halijapasuka. Amekupokea akijua wewe ni mtoto wa nani, gauni la nani alilifua. Sijui anataka nini, na kutojua huko ndiko kunanitisha. Labda hataki kitu, ni unga tu na msaidizi mwenye macho mazuri. Nilifikiria kukuzuia usiende. Nilikuwa na sababu tatu za uongo tayari mdomoni. Ulikuwa unapiga pasi sare yako ya maabara huku unaimba, nikazimeza.

Jioni hii, kabla sijashika kalamu, nilimwambia mama yako yote, na kwamba nitakuandikia barua. Aliendelea kukunja nguo. Alipomaliza khanga ya pili akasema, "Nilijua kuna kitu, baba Atu. Mtu haogopi vifuniko bure." Kisha akakaa kitandani kwako, akanitazama kwa yale macho ya kwao Tukuyu ambayo hayapepesi. "Na hiyo barua unamwandikia nani? Unamwandikia Atu, au unampa Atu akakupelekee kwa Kalinga?"

Hilo la pili ndilo nililokuwa nimepanga. Nilitaka nikwambie mwishoni hapa: fika, mpe mzee, asome, halafu utaona atakavyokuwa. Mimi nikiwa Ipogolo mikono yangu iko kwenye maji.

Basi sikutumi. Hii ni yako peke yako. Nitaiweka juu ya begi uisome alfajiri, kwa sababu najua nikikuambia kwa mdomo nitaanza mzaha na utacheka na tutafika njia panda ya Rujewa sijasema kitu. Kesho ukiniona nimevaa koti usidhani nakusindikiza stendi. Nakuja mpaka huko. Ukishasoma, ukiona huwezi kukaa siti moja na mimi, nitakaa nyuma ya basi na sitakuita. Una haki hiyo, na nitaumia, na utakuwa bado na haki.

Ila tukifika kwa Kalinga, nakuomba unipishe mbele. Mlango wake ukiwa umefungwa, na hata ndani kukiwa na kitu kinapumua, safari hii nitaufungua mimi.

Baba yako,
dobi